Alikula Mchunga, na Akafa

Habari ya kifo chake niliipata Makorora asubuhi, nilikolala usiku ule kwa ndugu, nikisubiri chai kwenye kibanda cha mama mmoja anayekaanga vitumbua. Aliyeileta ni bwana wa makamo, dalali wa nyumba, ambaye jua lilikuwa halijapanda vizuri na yeye tayari ana soda mkononi. "Yule mzee wenu wa mchunga kafariki alfajiri," alisema. Tukamwombea marehemu kama ilivyo ada. Dalali akameza funda, akafuta mdomo kwa kiganja, akaongeza: "Majani yote yale aliyokula, na kafa vilevile." Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Nimeishi mji huu wa Tanga tangu kuzaliwa na nimesikia upumbavu wa kila aina, wa wasomi na wa wasiosoma, lakini huu nauweka mahali pake peke yake. Kana kwamba marehemu aliwahi kumwahidi mtu kwamba hatakufa. Kana kwamba wanaoanza siku kwa soda na maandazi wameandikiwa kuishi milele. Mtu akila ovyo akafa, tunasema ni kazi ya Mungu na hatuna la kuongeza. Mtu akila kwa akili akafa, tunasema kumbe alijisumbua bure, kisha tunaagiza kitumbua kingine tukiwa na furaha kama watu walioshinda kesi.

Kwa msomaji asiye wa pwani yetu, mchunga ni mboga ya majani inayoota yenyewe mashambani na kando ya njia, chungu kweli, na kwetu hupikwa kwa tui la nazi. Zamani kila nyumba iliila. Siku hizi ukionekana umebeba fungu la mchunga, watu wanakuuliza kama nyumbani kuna tatizo. Ndivyo marehemu alivyopata jina. Watoto wa mtaa walimwita Mzee Mchunga, wakubwa wakalichukua, na mwisho hata waliomheshimu walilitumia pasipo kujua kwamba lilianza kama dhihaka.

Alikuwa jirani yangu Chumbageni, nyumba yake ikitazamana na yangu. Wanaomjua kwa miaka hii ya mwisho tu hawataamini nikisema kwamba hapo awali alikuwa kinyume kabisa cha mtu huyo. Alikuwa na duka la jumla la vinywaji pale Usagara, makreti yamepangwa mpaka darini, na mwili wake ulikuwa tangazo la biashara yake. Hakuna kamati ya harusi iliyokaa upande wetu wa mji asiwe mwenyekiti. Alikuwa na sauti, alikuwa na pikapu, na alikuwa na imani moja ambayo aliitangaza kwenye kila kikao: chakula lazima kibaki. "Sufuria ikirudi jikoni tupu," alisema, "mmenitukanisha." Nami nilizihudhuria harusi hizo. Niliona pilau ikimwagwa nyuma ya ukumbi kwa ndoo, nyama ikiwa juu yake, kunguru wakishindwa kuimaliza. Niliona sahani zilizojazwa mpaka ukingoni zikiachwa zimechokonolewa pembeni, na wenye sahani hizo wakijipangusa midomo kwa maringo. Kesho yake mtaa mzima ulisema ilikuwa harusi kubwa. Hakuna aliyeuliza kama ilikuwa harusi tamu.

Alianguka kwenye kikao cha kamati, akiwa amesimama anasoma idadi ya wageni. Walipomfikisha hospitali ikaonekana kuwa sukari imepanda kupita kiasi, na kwamba kidonda cha mguuni alichokuwa akikificha ndani ya soksi kilikuwa kimeoza. Alikatwa vidole vya mguu wa kushoto. Nilikwenda kumtazama. Nilimkuta amelala anatazama dari, na chini ya kitanda chake kuna katoni za juisi za maboksi zilizoletwa na wageni. Ndiyo, nasema juisi. Watu walikwenda kumtembelea mgonjwa wa sukari na kumpelekea sukari, kwa sababu kwenda hospitali mkono mtupu ni aibu, na papai moja lililofungwa kwenye gazeti halionekani kuwa zawadi.

Aliyembadilisha ni daktari wa wodi ile, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanawe. Marehemu aliniambia mwenyewe baada ya kutoka hospitali. Daktari yule hakumpa mhadhara. Alikaa pembeni ya kitanda akamuuliza, "Mzee, ulipokuwa mtoto mlikula nini nyumbani?" Akajibu kwamba walikula muhogo, mbaazi, mchunga, matembele, samaki, na msimu wa machungwa walikula machungwa mpaka midomo ikababuka. Daktari akasema, "Nani aliwaambia muache?" "Nilitafuta jina la kumtajia, jirani," aliniambia, "nikakuta ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia."

Akalifunga duka la vinywaji na kulipangisha kwa fundi wa magodoro. Akajiuzulu kamati zote. Akaanza kwenda sokoni mwenyewe, akichechemea, na kikapu cha ukindu begani, kikapu ambacho wachuuzi wa vifuko vya plastiki walikitazama kama vile kinawatukana. Nyumbani kwake machicha ya nazi yakawa ya kuku, maganda ya matunda na mabaki ya mboga yakaenda shimoni nyuma ya nyumba, na lile shimo likalisha mipapai na bamia zake. Wali uliobaki usiku ulipashwa asubuhi ukaliwa kwa mbaazi, ingawa yeye mwenyewe alichukua vijiko vichache tu. Mtaa ukaanza kunong'ona kwamba amefilisika. Huo ndio uwezo wetu wote wa kufikiri. Mtu akiacha kutupa, maana yake hana. Mwenye nacho tunamtambua kwa jaa lake.

Sitamfanya malaika. Mwanzoni alichosha. Alikuwa kama watu wote waliookoka jana: anataka wote waokoke leo. Ukila naye alitazama sahani yako kuliko yake. Siku moja alimkuta yule mama wa vitumbua wa Makorora na kumwambia mbele ya wateja kwamba mafuta yake yamekuwa meusi na kwamba anaua watu. Mama yule hakuinua sauti. Aligeuza kitumbua, akasema, "Baba, ulipokuwa unauza soda zako miaka yote ile, mbona hukuja kunihubiria?" Wateja wakaangua kicheko. Marehemu alikuja moja kwa moja barazani kwangu, akakaa, akanisimulia yote, kisha akasema, "Kasema kweli yule mama. Sina haki ya sahani ya mtu." Tangu siku hiyo aliacha kuhubiri. Alisema atashughulika na chungu cha nyumbani kwake tu. Ndipo binti yake akachumbiwa.

Alikuwa binti yake wa pekee, na watu wa mchumba walitoka Dar es Salaam, watu wenye maduka na magari. Nikahi ilipangwa kufungwa mchana nyumbani kwa marehemu, na kwa desturi yetu yeye ndiye wa kuwalisha wageni. Mkewe alimfahamu mumewe, akaja kwangu kuniomba niseme naye. Nilisema naye. Aliniuliza swali moja tu: "Mimi nimewahi kumlaza mgeni na njaa?" Nikasema hapana. "Basi watashiba," akasema, "na hakuna kitakachomwagwa." Mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni akasema kwa upole, "Baba nanihii, hawa hawaji kushiba. Wanakuja kutupima." Naye akamjibu, "Na wapime."

Siku ilipofika ua ulikuwa umefagiliwa, mikeka imetandikwa, na chakula kikaja kwenye masinia makubwa, kila sinia kwa watu wanaotosha kulizunguka, kama tulivyokula sote kabla ya kuletewa ustaarabu wa vibakuli vyeupe vya kutupa. Kulikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka waliotoka majini asubuhi ileile, mbaazi, na katikati ya kila sinia bakuli la mchunga. Kulikuwa na machungwa ya Muheza yaliyomenywa. Maji yalikuwa kwenye majagi, yamechemshwa na kupozwa. Hapakuwa na soda. Hapakuwa na kilima cha pilau. Niliketi, nikala, na nasema bila kusita kwamba sijala chakula kitamu kuliko kile kwenye nikahi yoyote mjini humu.

Mjomba wa bwana harusi alikuwa mtu mzito, mwenye saa inayong'aa, na ndiye msemaji wa msafara. Alilitazama lile sinia muda mrefu kama mtu aliyeonyeshwa mnyama asiyemjua. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika ua mzima, "Samahani, mkwe. Tumekuja kuoa, au tumekuja kulazwa wodini?" Watu wake wakacheka. Marehemu akasema, "Karibuni mle, mkwe. Ni chakula cha nyumbani." Mjomba akamwita kijana wa msafara wao, akamnong'oneza. Baada ya muda yule kijana akarudi na makreti ya soda na mifuko ya chipsi na kuku kutoka barabarani. Wakala pale pale, juu ya mikeka ya mwenyeji, wameyasukuma pembeni masinia yake. Nimekaa kwenye vilio na kwenye ugomvi wa mirathi, na sijaona utovu wa adabu uliokamilika kama ule. Nao walidhani kwamba aliyefedheheka ni yeye.

Walipomaliza, marehemu alichukua masinia ambayo hayakuguswa na kuyapeleka mwenyewe nyumba za jirani, moja baada ya jingine, akichechemea, huku wageni wakimtazama. Chakula chake kililiwa chote. Kilichobaki uani pale ni mifupa ya kuku wa wageni, chupa na vifuko vyao, vikipeperuka mpaka kwangu. Jioni, binti akitoka na buibui lake jipya kwenda garini, alisimama mbele ya baba yake. Wanawake walimzunguka lakini nilimsikia. "Baba," alisema, "umeona leo ndiyo siku ya kufundisha watu?" Akapanda gari. Marehemu alibaki amesimama mpaka vumbi likatulia, kisha akaingia ndani, na hakutoka siku nyingi.

Binti hakurudi Tanga kwa muda mrefu. Alimpigia simu mama yake, na mama aliposema, "Zungumza na baba yako," simu ilikatika. Mji, kama kawaida yake, ukachukua upande wa wenye saa zinazong'aa. Walisema mzee ameiponza ndoa ya mwanawe kwa sababu ya mboga. Sikumsikia hata mmoja akisema kwamba walioiponza, kama iliponzwa, ni waliokataa chakula cha mwenyeji wao. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo sasa naliandika kwa dharau yote niliyo nayo. Sisi hatuli kwa njaa wala kwa ladha. Tunakula kwa woga. Tunaogopa kuitwa maskini kuliko tunavyoogopa kukatwa miguu. Ndiyo maana machungwa ya Muheza yanaoza kando ya barabara kila msimu, huku sisi tukipita na chupa za maji yaliyotiwa rangi ya chungwa. Chungwa halina chapa. Chungwa analila hata asiye na kitu. Na sisi, Mungu atusamehe, tunaona heri figo zife kuliko kula anachokula asiye na kitu.

Wala msidhani nawasifu wale wengine, wale wapya, wanaokula afya kwa ajili ya picha. Nimewaona pia. Mchunga uleule wanaoukimbia ukiwa fungu la sokoni wanaununua Dar ukiwa umewekwa kwenye kisahani cha plastiki na kufunikwa kwa plastiki nyingine. Wanakunywa maji ya majani kwenye gilasi ya plastiki yenye mrija, wanaitupa, wanatuambia wanayapenda mazingira. Nilialikwa hivi karibuni kwenye semina ya lishe bora na usafi wa mji, katika ukumbi wa hoteli. Kila mshiriki aliwekewa chupa yake ya maji, chakula cha mchana kilikuwa vya kukaanga vitupu, na nusu yake ilirudi jikoni. Mtoa mada alitupongeza kwa kujali afya zetu. Tukajipigia makofi. Marehemu hakualikwa. Asingefaa, maana angemaliza sahani yake.

Binti alirudi alipokuwa mjamzito. Damu yake ilikuwa imepungua, alikuwa amedhoofika, na kwa desturi yetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Wakwe walimleta na katoni za vinywaji vya makopo vya kuongeza damu, hivyo walivyoviita, wakazipanga ukutani chumbani kwake, wakarudi Dar. Marehemu hakuzigusa wala hakuzisema. Alikwisha kufundishwa na yule mama wa Makorora. Ila kila asubuhi alipita kwangu na kikapu chake akitoka sokoni, na ndani yake kuna maini, samaki, mchunga, matembele, ndimu. Alipika mwenyewe, maana mkewe alikuwa akimhudumia binti. Mwanamume wa umri ule, kwenye jiko la mkaa, anakuna nazi. Watu walipita wakachungulia uani wakacheka tena. Aliweka sahani mlangoni mwa chumba cha binti yake, akabisha hodi, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Mtoto alizaliwa salama. Mama yake alisimama imara kwenye miguu yake. Mume akaja kuwachukua, wakaondoka, na kwa ninavyojua mimi baba na binti hawakuzungumza siku ile zaidi ya kuagana.

Miaka yake ya mwisho figo zilianza kumchoka. Sukari ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake zamani, enzi za makreti, na mchunga haurudishi nyuma yaliyokwisha kufanyika. Alilijua hilo. Niliwahi kumuuliza kama hajuti kujinyima, kwa kuwa ugonjwa umemfuata hata hivyo. Akanitazama kama aliyesikia swali la kitoto. "Nimejinyima nini, jirani? Nimekula samaki wa Tanga na mboga ya mama yangu kila siku. Waliojinyima ni wale wanaoacha nusu sahani." Alifia nyumbani kwake, mkewe yupo kichwani.

Tulimzika siku ileile baada ya alasiri. Mjomba wa Dar alikuja, mzito zaidi, akihema. Baada ya kuzika aliomba nafasi ya kusema, na akasema. Alisema marehemu alikuwa mwalimu wake. Alisema marehemu alimfundisha thamani ya chakula cha asili. Alisema jamii imepoteza nuru. Alikuwa ameshika chupa ya maji, amekunywa mafunda mawili tu, na alipomaliza kusema aliiacha juu ya ukuta wa makaburi, akaenda garini. Hakuna aliyemwambia kitu. Sikumwambia mimi pia, kwa kuwa kuna watu ambao kuwasahihisha ni kuwaheshimu kuliko wanavyostahili.

Siku chache baadaye nilikwenda kumpa pole binti. Alikuwa sebuleni kwa mama yake, mtoto amelala pembeni. "Shikamoo, ami," akasema. Nikaitika, nikakaa. Tulizungumza ya kawaida, ya safari na ya mtoto. Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Ami, ile siku ya nikahi sikumsamehe. Watu wanataka niseme nilimsamehe, na sikumsamehe." Nikamwacha aendelee. Alimfunika mtoto vizuri. "Lakini zile sahani alizokuwa akiweka mlangoni," akasema, "nilizila zote. Sikubakiza hata punje. Nilikuwa narudisha sahani tupu makusudi, ili aione." Kati ya watu wote waliomsema marehemu wiki ile, kwa sauti kubwa na kwa maneno mazuri, ni yeye peke yake ambaye sikumdharau.

Marehemu hakukishinda kifo, na wanaocheka kwenye benchi za vitumbua wasijisumbue kutukumbusha. Alilishinda jambo ambalo wengi wetu tutakufa bila kulithubutu. Aliacha kuyalisha macho ya watu. Leo utakapoketi kula, nyumbani au harusini, na mkono wako ukawa tayari kuongeza kijiko ambacho unajua hutakimaliza, jiulize unaongeza kwa ajili ya tumbo lako au kwa ajili ya wanaokutazama. Ikiwa ni kwa ajili yao, rudisha kijiko. Hawajawahi kushiba, na ukiugua hawatakuletea papai.